Bahasha Mbili za Binti Majaliwa

"Huyu ni mwali au ni zimwi?"

Mzee Mwishehe aliibamiza picha juu ya meza ya studio mpaka kopo la kalamu likaanguka.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kulitafuta. Mambo ni machache na yote ni ya aibu. Bi Mwanamkasi, mpiga picha wa Dunda, alimpiga binti wa marehemu kaka yake picha za namna mbili, akazitia katika bahasha mbili, na bahasha zikapishana njiani. Ya mchumba ikaenda kwa watu wa maigizo. Ya maigizo ikaenda kwa mchumba. Sasa mshenga, Mzee Mwishehe, amerudi, kofia imemkaa upande na jasho linamtiririka shingoni.

"Nimesimama mbele ya Bwana Abdulwahab," alifoka, "mtu mzima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Msata! Nimemsifia binti mpaka mate yamenikauka. Mpole, mlaini, uso kama mbalamwezi. Anafungua bahasha, anakutana na hii!"

"Picha haina kosa," alijibu Mwanamkasi bila kuinuka kitini. "Haikutikisika, haina ukungu. Kama kuna uongo, ulitoka pamoja na hayo mate."

Picha ilikuwa imelala chali mezani. Msichana ndani yake alikuwa amepanua kinywa kama mtu aliyelia mpaka sauti ikamwisha. Macho yamemtoka, mishipa ya shingo imesimama. Hana poda, hana wanja, na kovu lake dogo juu ya nyusi linaonekana wazi kama ufa ukutani.

"Wifi, umeniua!" Tabia, mama wa msichana, alijipiga paja. "Umeniua mchana kweupe! Mwanangu mzuri umemfanya pepo!"

Mwanamkasi alimtazama wifi yake kwa dharau iliyokomaa. Miaka ishirini na mitano wamekuwa mawifi, na hakuwahi kumwona Tabia akiacha jambo dogo libaki dogo.

Lakini kosa lilikuwa la Mwanamkasi, na alilijua.

Katika ukoo wao jina la mwali haliandikwi juu ya bahasha ya posa. Ni kumvunjia heshima. Huandikwa jina la baba. Kwa hiyo juu ya bahasha ya Msata aliandika "Binti Majaliwa". Ya pili, ya maigizo, ingetosha kuandikwa Sabiha, jina la msichana mwenyewe. Hakufanya hivyo. Aliona upuuzi ule haustahili hata dakika moja ya kufikiri, akaandika vilevile: "Binti Majaliwa". Kijana wa bodaboda akazichukua zote mbili, na mnajua wenyewe yaliyofuata.

"Piga nyingine," Mwishehe aliamuru. "Ile ya kawaida. Mng'arishe, mtie maua nyuma. Nitasema ile ilikuwa ya mgonjwa. Posa ya watu isife kwa uzembe wa mpiga picha."

"Posa ya nani?"

Wote watatu waligeuka.

Sabiha alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa uani akisugua masufuria, na masizi yalimfika kwenye viwiko na mashavuni. Kanga yake ya kiunoni ilikuwa imechujuka, na kilemba chake kilikuwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alionekana kama mtu aliyechimbuliwa jivuni.

Tabia aliinama kuokota kopo la kalamu.

"Shangazi," alisema polepole, "zile picha za maua uliniambia ni za ukumbusho wa Idi."

"Nilikudanganya," alisema Mwanamkasi. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Mama yako aliniomba. Upande wa baba yako nimebaki mimi peke yangu, nikakubali. Niliona heri uolewe kuliko kwenda kulia jukwaani, watu wanakutazama huku wanakula chipsi."

"Na zile nyingine? Za Bi Mina?"

Mwanamkasi alifungua kinywa, na simu yake ikaita.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na jina la Bi Mina mwenyewe. Huyu ndiye kiongozi wa kundi la Jukwaa la Mwambao, aliyekuwa akitafuta msichana mmoja, mmoja tu, wa kuigiza mama aliyefiwa na mtoto katika mchezo utakaozunguka mji kwa mji. Masharti yake yalikuwa machache na makali: picha ya uso mtupu, pasipo kipodozi wala kuchezewa na kompyuta, na ifike leo kabla ya saa kumi alasiri.

"Bi Mwanamkasi, asalamu alaykum. Hiki ulichoniletea ni nini?"

"Waalaykumu salamu. Picha."

"Picha ya nani? Mimi namwona mwanasesere amesimama kwenye maua na maporomoko ya maji. Ngozi kama sahani ya udongo. Hana hata kinyweleo! Nataka uso, mama, mimi sifungui duka la urembo. Nitamjuaje akikasirika? Nitamjuaje akiumwa?"

"Kuna kosa limetokea..."

"Saa kumi namwandika mwingine. Kama kuna uso wa kweli, nitumie hata kwa simu."

Ikakatwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini na tano.

Sabiha alisikia kila neno. Miezi minne alikuwa akijifunza ile nafasi uani, akiyasemesha masufuria, na shangazi yake akimpigia kelele dirishani kwamba majirani watadhani kuna msiba.

"Nipige sasa hivi," alisema. "Shangazi, nakuomba. Dakika tano."

"Hapigwi mtu!" Tabia alijitupa mbele yake. "Utapigwa ya posa, tena ukaoge kwanza."

Ndipo gari likasimama nje.

Mwishehe alichungulia, akarudi uso umempauka. "Mwenyewe! Kaja mwenyewe! Mfiche binti, Bi Tabia! Akimwona na masizi hayo, ndiyo basi!"

Amfiche wapi? Studio ya Mwanamkasi ni chumba kimoja, pazia moja na kigoda kimoja. Na kabla ya kumrudisha uani, Bwana Abdulwahab alikwishaingia, tumbo limetangulia, kanzu nyeupe hadi kwenye kifundo, shingoni ananukia udi wa kutosha msikiti mzima.

"Asalamu alaykum."

Wakaitikia. Aliketi bila kukaribishwa, akajipepea na kofia, kisha akamwona Sabiha ukutani.

"Wewe binti, nipe maji. Joto la huku kwenu halina adabu."



Hebu fikirini, wasomaji. Mtu amekuja kumposa msichana, na anamwagiza msichana huyohuyo maji kama mtumishi. Tabia alipaswa kusema, "Huyu ndiye." Lakini aliyatazama masizi, akatazama lile gari jipya nje, na aibu ikamfunga kinywa. Mwanamkasi angeweza kusema vilevile. Yeye alinyamaza kwa sababu nyingine: alitaka kuona mwisho wa upumbavu huu.

Ila mwenye kujibu alikuwa Sabiha.

"Abee, bwana. Shikamoo."

Mwanamkasi aligutuka. Sauti ile hakuijua. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyeshuka mjini juzi kutoka Miono na bado anaogopa swichi ya taa. Mabega ya Sabiha yalikuwa yameanguka. Alivuta mguu wa kushoto kidogo, kidogo sana, kama mtu ambaye viatu vya tajiri wake vinambana. Hata shingo ilionekana kupungua urefu.

"Marahaba, marahaba. Fanya haraka."

Akaenda, akarudi na glasi juu ya sinia, macho chini.

"Bi Tabia," Abdulwahab alianza, "mimi si mtoto wa kukimbia picha. Nimekasirika, kweli, lakini nimefikiri. Uso si kitu. Ninachotaka ni mikono. Binti ana nguvu?"

"Nguvu?" Tabia alijikohoza. "Ana afya, alhamdulillahi."

"Vizuri. Mama yangu ni mtu wa kitandani mwaka wa tatu huu. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Inataka mtu mpole asiye na maneno."

"Pole sana, bwana," alisema mtumishi wa Miono, sinia kifuani. "Na hamna mtu nyumbani wa kumsaidia mama?"

Ni swali ambalo mshenga hangethubutu kuuliza. Lakini nani anajihadhari na mtu aliyeshika sinia?

"Watu wapo," alisema Abdulwahab, akanywa funda moja. "Wake zangu wawili. Wamegoma."

Mwishehe alikohoa kikohozi cha mtu aliyemeza mwiba.

"Wawili?" Tabia aligeuka kwa mshenga. "Mzee Mwishehe, si uliniambia mgane? Si uliniambia mkewe alifariki, analala peke yake, anajipikia mwenyewe?"

"Nilisema... nilisema ni kama mgane. Kwa upweke."

"Wanaumwa, bwana, hao wake?" mtumishi aliuliza kwa huruma ya kuvunja moyo.

"Wazima kabisa. Wana midomo tu. Ndiyo maana nikamwambia mzee huyu, safari hii nitafutie yatima wa baba. Asiye na wa kumkimbilia."

Mwanamkasi aliyarudia maneno yale moyoni. Yatima wa baba. Kwa hiyo kaka yake Majaliwa alikuwa sifa, kama vile ng'ombe anavyosifiwa kwa kutokuwa na pembe. Na yeye, shangazi mtu, dada wa marehemu, ndiye aliyemtia ng'ombe huyo kwenye bahasha.

Wiki nzima alikuwa akiwadharau wengine. Sasa dharau ilikuwa imerudi nyumbani, na haikubisha hodi.

"Ndiye huyu, bwana?" Sabiha aliichukua ile picha mezani, akaiweka juu ya sinia, akamkabidhi.

"Ndiye. Toa, inanichafua roho."

"Mtazame vizuri."

Abdulwahab aliitazama picha kwa kinyaa. Kisha akainua macho kumrudishia mtumishi sinia lake.

Mtumishi hakuwapo tena.

Mbele yake, hatua moja, ulikuwepo uso ule wa kwenye picha. Kinywa kimepanuka bila sauti, macho yametoka, mishipa imesimama, kovu juu ya nyusi. Mama aliyeletewa maiti ya mwanawe mlangoni. Alisimama hivyo, hapumui, na chumba kizima kikaacha kupumua pamoja naye.

Glasi ilimtoka Abdulwahab, maji yakamwagika kanzuni. Tabia, aliyemzaa msichana huyo kwa uchungu wa siku mbili, alisema "Innalillahi" kabla hajajizuia.

Na Mwanamkasi? Mwanamkasi, kwa muda wa kupepesa jicho, aliwaza: nani kafa? Akamkumbuka kaka yake. Akamkumbuka mama yake siku ile ya habari za kifo hicho. Ndipo akatanabahi kwamba alikuwa anamtazama Sabiha, msugua masufuria, mla viporo wake.

Sabiha alifunga kinywa. Mabega yakarudi, shingo ikarudi.

"Mimi ndiye Binti Majaliwa," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mikono ninayo. Na maneno pia ninayo."

Abdulwahab aliinuka, kanzu imemganda mapajani. Hakuwa mtu wa kushindwa na msichana. Alijikung'uta, akaelekea mlangoni, akageuka.

"Bi Tabia. Nakusamehe na hili. Picha hizo zifutwe zote, mbele ya mshenga. Mambo ya jukwaani yaishe leo. Ndoa ya Ijumaa iko palepale. Nipo kwenye gari, nakupa dakika kumi."

Akatoka.

"Zifute, wifi," Tabia alisema haraka.

Mwanamkasi alidhani amesikia vibaya. "Umemsikia alivyosema?"

"Nimemsikia. Wake wawili si dhambi. Sheria inampa wanne."

"Sheria inampa wanne, Tabia. Uongo haikumpa hata mmoja."

"Wewe utasema nini? Una studio yako, una jina lako mjini. Mimi nitakufa nimwache huyu anasugua masufuria yako! Msata ana nyumba ya bati jipya, ana gari. Utampa nini wewe? Mapazia ya maua?"

Hapo alimpata. Mwanamkasi aligeukia kamera; akibanwa, desturi yake ilikuwa kufanya kazi.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Sabiha. Kaa kwenye kigoda."

"Nikanawe kwanza?"

"Usiguse kitu!"

Alilivuta pazia la maua na maporomoko ya maji, lile ambalo nusu ya maharusi wa Dunda wamesimama mbele yake, akalisukumia pembeni. Nyuma yake ukabaki ukuta mtupu, rangi imebabuka. Akazima taa zote. Akafungua mlango wa uani hadi mwisho, mwanga wa alasiri ukaingia kwa ubavu, ukamkaa msichana shavu moja.

"Mzee Mwishehe, shika shuka hii nyeupe. Inua. Juu zaidi, irudishe mwanga kwenye shavu la pili."

"Mimi? Mimi ni mshenga!"

"Ulikuwa. Inua mikono."

Na mzee akainua, maana watu waliozoea kutumwa hutumwa na yeyote.

Miaka kumi na tisa Mwanamkasi alikuwa akiwaambia watu maneno yaleyale. Inua kidevu, usikunje uso, funga kinywa, usitikisike. Amewavalisha wavuvi na wakulima koti moja la studio, lenye kifungo kimoja, mpaka nusu ya wilaya ina kitambulisho chenye koti hilo. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wote wafanane na mtu mmoja asiyekuwepo. Leo aliweka jicho kwenye kamera na hakujua aseme nini.

"Nifanye nini, shangazi?"

"Sijui," alikiri. "Nitazame tu. Nitazame kwa yale niliyokufanyia."

Sabiha akamtazama.

Hakulia wala hakukunja sura. Alimtazama tu, na masizi yake shavuni, na kovu lake, na Mwanamkasi akaona kwamba hasira inaweza kukaa ndani ya jicho moja na mapenzi ndani ya jicho la pili bila kugombana. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Ya tatu ilipotoka, alijua.

Nje gari likapiga honi.

"Usitume!" Tabia alimshika mkono. "Wifi, ukituma, mimi na wewe basi!"

Mwanamkasi aliihamishia picha simuni kwa mkono mmoja, huku wa pili umeshikwa. Haikupakwa wala kusafishwa. Akaituma. Saa kumi kasoro dakika tatu.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Mzee Mwishehe alikuwa bado ameinua shuka, hakuna aliyemwambia ashushe.

Simu ikaita. Mwanamkasi akaweka sauti kubwa.

"Huyu alikuwa wapi siku zote?" Bi Mina alisema, na hata salamu alisahau. "Namchukua. Gari letu linaondoka saa kumi na moja, aje na nguo za wiki mbili."

Sabiha aliziba mdomo kwa mikono yake myeusi.

"Ila jambo moja," Bi Mina aliendelea. "Nataka ridhaa ya mzazi kwa kinywa chake. Mwaka jana baba mmoja alipanda jukwaani kumtoa binti yake katikati ya igizo, watazamaji wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Mimi sirudii hilo. Mama yake yupo hapo?"

"Yupo," alisema Mwanamkasi.

Akamnyooshea Tabia simu. Tabia aliitazama kama mtu anayenyooshewa nyoka, akageuza uso ukutani, akakaza midomo.

"Haloo?" ilisema simu. "Mama yupo au hayupo?"

Mwanamkasi alimgeukia Sabiha. Akamwonyesha kwa kidole: simu, mama, wewe. Mtu aliyeweza kuwa mtumishi wa Miono angeshindwaje kuwa mama yake kwa maneno matatu?

Sabiha alitikisa kichwa. Machozi ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kushuka, yakichora mistari kwenye masizi.

"Mama yangu simuigizi," alinong'ona. "Hata kwa hili."

Honi ikalia tena, ndefu. Bi Mina akavuta pumzi ya mtu anayetaka kukata simu. Akaanza, "Basi, naona nimwandike yule..."

Mwanamkasi, aliyeyadharau maigizo tangu siku aliyoyajua, aliirudisha simu mdomoni. Akabana pua kidogo. Akaburuza maneno kwa ile sauti laini ya kulalamika, ya kuomba sukari kwa jirani, aliyoisikia kwa miaka ishirini na mitano bila kujua kwamba alikuwa akiihifadhi.

"Asalamu alaykum, mwanangu," alisema. "Samahani, nilikuwa nafuta machozi. Mimi Bi Tabia, mama yake Sabiha. Nimeridhia. Mchukue, Mungu awatangulie."

Shuka ilimwanguka Mzee Mwishehe mikononi.

"Alhamdulillahi, mama," Bi Mina alisema. "Tunamsubiri."

Ukutani, Tabia aligeuka polepole, mkono kifuani, kama mtu aliyesikia roho yake mwenyewe ikisema kutoka chumba cha pili. Akamtazama wifi yake. Akaitazama simu.

Ilikuwa bado haijakatwa.

Tabia akafungua kinywa.